Moja Kumi na Saba

8 Februari

Mdogo wangu Umeme,

Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima, na kama yale mafua yako ya kila mwaka yamekwisha fika, kunywa maji ya moto ulale. Huku sote hatujambo, na "sote" siku hizi maana yake ni mimi na cherehani. Mwanangu amehamia karibu na kazi yake, huja mwisho wa mwezi na furushi la nguo chafu. Mguu wa kushoto unanisumbua kwa kukanyaga pedali, lakini nimepewa sare za shule mbili kwa mpigo, sina nafasi ya kuuguza mguu.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mpaka yule mwanamke anayesema hupatikani nimemzoea, nakaribia kumuuliza watoto wake hawajambo. Barua najua utafungua. Tangu mdogo hukuweza kuona bahasha ukaiacha.

La kutokuja mazikoni kwa baba sikulaumu. Nilishakulaumu siku ile ile, kwa sauti, mbele za watu, yakaisha.

Nililo nalo ni la jiwe la kaburi. Wiki mbili kabla hajatutoka, baba aliniita akasema: "Kama mpaka siku hiyo haijagawanyika, niandikieni ile namba chini ya jina. Yote." Namba gani unajua, moja kumi na saba kwa safu, tarakimu ya moja tu mwanzo mpaka mwisho. Fundi wa mawe nilipompa karatasi aliihesabu kwa kidole, akasema, mama, kazi nyepesi hii, ni vijiti vilivyosimama tu, ila nikichonga kumi na sita nani atajua? Nikamwambia mwenye kaburi atajua.

Sasa hapo ndipo nakuhitaji. Baba alisema kwamba ili aimalize namba ile kwa mkono angehitaji maisha mengine kumi. Wewe ni mpima ardhi, una mashine kazini zinazokokotoa mambo makubwa. Niambie: ipo namba yoyote, ukiacha moja na yenyewe, inayoigawa bila kubakiza kitu? Ndiyo au hapana, basi.

La mwisho, na usinicheke. Kila siku saa kumi alasiri naisikia sauti chumbani kwake. "Shusha moja. Shusha moja." Taratibu, kama alivyokuwa akijisemea akigawa. Nikisimamisha cherehani inaendelea kidogo, halafu inanyamaza. Nikifungua mlango ni kiti na kabati. Siogopi, ila baada ya hapo mishono yangu hainyooki.

Dada yako.


29 Machi

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako, samahani nimechelewa. Tulikuwa nje ya mji wiki tatu tukipima eneo la ndugu wawili waliogombana kwa sababu ya upana wa hatua moja. Nimewawekea vigingi vya saruji. Nilipogeuka kukunja kamba, mkubwa alikuwa anakipiga teke kimoja. Mafua yalikuja, yakaenda. Mke wangu anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomshonea bado anaivaa kazini na watu wanamuuliza fundi ni nani.

Pole kwa mguu. Badilisha kiti, hicho ni kifupi mno kwako, nimekisema tangu zamani.

Kuhusu jiwe, mimi naona jina na tarehe vinatosha. Jiwe lenyewe dogo, namba ndefu, wapita njia watadhani ni namba ya simu. Baba alikuwa mgonjwa aliposema hayo. Mgonjwa husema mengi.

Mashine zetu ni za viwanja. Sidhani kama zinafaa kwa kazi hiyo.

Sauti itakuwa bomba la maji. Mwite fundi alitazame.

Na tafadhali usiniite Umeme. Nina miaka arobaini na sita.

Mdogo wako.


17 Aprili

Mdogo wangu,

Basi sikuiti. Kiti nimebadilisha, asante, mguu umepata nafuu. Mwambie wifi yangu aniletee vipimo vipya, najua amenenepa maana wewe ndiye unayepika. Mwanangu amepata cheo, sasa analeta nguo chafu za bei mbaya.

Fundi wa bomba nilimwita. Alikaa chumbani mle kuanzia saa tisa na nusu. Saa kumi na dakika tano alitoka, akabeba mkoba wake, akasema bomba halina tatizo lolote, na hakutaka hata chai. Haya, endelea kuniambia habari za bomba.

Unaniambia baba alikuwa mgonjwa. Baba alikuwa mgonjwa wa mapafu, si wa akili. Mtu aliyesoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka thelathini hakosei tarakimu hata akiwa anakata roho. Umesahau ilivyoanza? Mita ya kile kiwanda cha sabuni ilifika 11,111 mbele ya macho yake. Akarudi nyumbani anacheka, akaigawa mezani: 41 mara 271. Akajaribu moja saba, ikavunjika: 239 mara 4,649. Moja kumi na moja, ikavunjika. Kumi na tatu, ikavunjika. Alipofika kumi na saba ikakataa. "Hii kaidi," alisema. Mwalimu mmoja mstaafu akamfundisha njia ya kupunguza kazi: namba yoyote inayoweza kuigawa, ukiigawa yenyewe kwa thelathini na nne lazima ibaki moja. Kwa hiyo tuliruka kwa hatua za thelathini na nne, tukaacha zile ambazo tayari zilionekana zina vigawo vidogo, na hata hivyo zikabaki maelfu kwa maelfu.

Meza ile naiona sasa hivi. Baba upande wa dirishani, mimi huku, wewe kule, kila mtu na ubao wake na chaki. Mistari minane kila mmoja kwa siku. Unagawa ubaoni, unafuta, na kwenye karatasi unaandika vitu viwili tu: namba uliyogawia, na baki. Mimi natia duara pembeni, wewe unatia msalaba. Na hakuna kuinuka kabla ya mstari wa nane. Hata siku mama alipokuwa amelazwa.

Hilo sijawahi kukuambia, leo nakuambia. Ile Ijumaa ulimaliza kabla yetu, kama kawaida yako, ukatoka mbio ukaiwahi saa ya kuona wagonjwa. Mimi nilikwama mstari wa sita, nikakosea, nikarudia. Nilipomaliza milango ya wodi ilikuwa imefungwa. Baba akasema kesho Jumamosi tutakaa naye tangu asubuhi. Kesho yenyewe unaijua. Miaka yote nimekuonea wivu, mdogo wangu. Nimejiambia ilikuwa haki yako, ulikuwa mwepesi, mimi mzito. Baba alikuita Umeme na mimi nikameza.

Kwa hiyo nina haki na namba hiyo. Nimeilipia. Kabati la madaftari sijafungua, sina moyo. Nijibu ndiyo au hapana.

Dada.


2 Juni

Dada, shikamoo.

Tuko salama. Mvua imetuchelewesha kazini.

Usiandike namba kwenye jiwe. Nakuomba. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako.


14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa nyumba nzima. Mimi mzima.

Mtu hanisubirishi wiki saba halafu ananiandikia mistari mitatu kama telegramu. Fundi anaanza kuchonga tarehe moja Agosti. Kufikia hapo ukiwa kimya nitajua haijagawanyika, na nitaiandika yote, vijiti kumi na saba, na nitasimama pale nimhesabie fundi kimoja kimoja.

Sauti sasa inakuja mpaka jikoni.

Dada.


21 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sina habari za kutanguliza. Mke wangu anajua ninakuandikia, ameniachia meza.

Imegawanyika. 2,071,723 mara 5,363,222,357. Zidisha mwenyewe utaona zinatoka moja kumi na saba, bila kupungua wala kuzidi.

Nimelijua hilo miaka ishirini. Ofisi ilileta kompyuta ya kwanza, na mimi nikataka kumfurahisha baba. Nikaandika zile moja, nikabonyeza, nikaenda kuchukua maji. Niliporudi jibu lilikuwa pale. Dada, sikulisoma mara mbili. Namba ile ya kwanza niliifahamu kama ninavyofahamu sura yako.

Ile Ijumaa sikumaliza. Niligawa mistari minne kwa haki. Mstari wa tano ulikuwa 2,071,723. Niliandika namba juu ya ubao, nikatazama saa ya ukutani, ikawa kumi na dakika arobaini, na mama nilikuwa nimemwahidi. Nikapiga hesabu ya uongo. Nikakwaruza tarakimu ubaoni ili chaki isikike, nikafuta, nikaandika kwenye karatasi "baki 604,118". Wa sita, wa saba, wa nane hivyo hivyo, mabaki ya kutunga. Nikatia msalaba wangu, nikakimbia. Baba akasema, "Mwone Umeme!" Nilimsikia nikiwa mlangoni.

Namba zile nne hazijanitoka kichwani hata siku moja. Tatu za mwisho nilizigawa baadaye kwa siri, hazikuwa na kitu. Ya tano sikuwahi kuigusa. Niliiogopa tu, bila kujua sababu. Sababu nikaikuta kwenye kioo cha kompyuta.

Umeelewa, dada? Kama ningeigawa kweli ingetoka sifuri. Dakika kumi za kazi. Ingekuwa kumi na dakika hamsini. Baba angeruka, angefunga daftari, namba imekwisha, hakuna mstari wa sita wala wa nane kwa yeyote. Tungetoka sote watatu. Mngemkuta.

Wewe hukuwa mzito. Ulikuwa mkweli, na ukweli wako ndio uliokuweka mezani.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelikimbia maisha yangu yote. Nilipofika, mama aliuliza mko wapi. Nikamwambia mnakuja, mko njiani. Akaomba nimwinulie mto ili auone mlango. Aliutazama mlango mpaka kengele ikalia. Alikuwa hanitazami mimi, dada. Alikuwa anawangoja ninyi kwa sababu ya neno langu.

Ndiyo maana niliacha kuja. Ningeketije mbele ya baba anayenyanyua daftari kuukuu akisema "bado kaidi"? Ndiyo maana sikuja mazikoni. Nilifika mpaka kituo cha treni, nikakaa kwenye benchi, nikarudi.

Na mimi naisikia. Si saa kumi tu. Nikinyoosha kamba kupima kiwanja, nikipanda ngazi. Shusha moja.

Usinisamehe kwa haraka ya huruma. Nimekuambia kwa sababu jiwe lisidanganye, mimi nimeshadanganya vya kutosha.

Mdogo wako.


30 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Mwanangu mzima. Jiwe halijachongwa kitu, fundi nimemwambia angoje, amekasirika, atapoa.

Wiki tisa sikukuandikia kwa sababu nilikuchukia, na nilitaka nikuchukie vizuri bila kusumbuliwa. La namba ningelimeza. La mlango lilinishinda. Nilikuwa nikishona, ghafla namwona mama ameinuliwa mto anatazama mlango, na mimi niko mezani nafuta ubao. Nimejichoma kidole kwa sindano mara ngapi sijui. Nilikutukana kwa majina ambayo sikujua nayajua. Siku moja niliandika bahasha yako, nikatia karatasi tupu, nikaichana.

Halafu wiki iliyopita, saa kumi, sauti ikaanza. Nikasema leo basi. Nikaingia nikafungua kabati.

Nilikuwa natafuta karatasi ya ile Ijumaa. Nilitaka kuuona uongo wako kwa macho. Baba alikuwa ameshona karatasi zetu zote kwenye madaftari kwa tarehe, na tarehe ile niliipata bila kuhangaika kwa sababu daftari lilifunguka lenyewe pale pale. Jinsi kitabu kinavyofunguka mahali palipofunguliwa sana. Ukurasa wako, msalaba wako pembeni. Mstari wa tano, 2,071,723, baki 604,118, kwa mwandiko wa mtoto.

Na juu yake, kwa kalamu nyekundu ya baba, ile aliyokuwa akikagulia mita: 604,118 imekatwa. Pembeni ameandika sifuri. Chini yake tarehe. Miaka kumi na moja iliyopita.

Baba alijua, mdogo wangu.

Nilikaa chini sakafuni. Nikavuta madaftari yaliyofuata, yale ya miaka ya mwisho, ambayo alikuwa akiyaandika huku mimi nashona upande wa pili wa ukuta. Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza: 11,111,111,111,111,111 kugawa kwa 2,071,723, hesabu yote mpaka sifuri. Ukurasa wa pili, hesabu hiyo hiyo. Wa tatu, hiyo hiyo. Daftari zima. Madaftari tisa manene. Kila siku saa kumi, hesabu moja. Mimi nilidhani bado anatafuta, nilikuwa nampelekea chai namwambia baba pumzika, naye ananiambia bado kidogo.

Nikamkasirikia na yeye. Kwa nini asiniambie? Kwa nini asikupigie? Na ile ya jiwe, "kama haijagawanyika", ya nini kunitega naye alijua kila kitu? Nadhani sasa naelewa. Alijua nitakuuliza wewe. Hakuwa na mtu mwingine wa kukutoa ulilokuwa nalo.

Maneno ni mahali pamoja tu. Daftari la mwisho, ukurasa wa mwisho aliouandika, mwandiko umepinda, lakini unasomeka. Nakunakilia kama yalivyo:

"Alikuwa na miaka kumi na moja akajua pa kwenda. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minne."

Basi. Hakuna kingine.

Nililia mpaka jirani akagonga. Nikamwambia ni vitunguu. Siku ya pili saa tano asubuhi nikachukua ubao wangu wa zamani, upo bado, umekatika kona, nikaigawa mwenyewe. Nilitaka kuona kama mkono wangu mzito utafika. Tano. Shusha moja. Tatu. Shusha moja. Sita. Tatu. Halafu mbili, mbili, mbili, mpaka nikadhani nimekosea. Tatu, tano. Mwisho kabisa zikabaki 14,502,061, nikajaribu mara saba, na ikaingia yote. Nikatazama pale chini pa ubao palipo tupu. Dakika kumi na mbili, nimepima kwa saa. Umeme angetumia nane.

Chuki imepungua. Sikudanganyi kwamba imekwisha. Ila usibebe yote peke yako tena, maana na mimi nilikuwa na miguu siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ningeweza kuinuka.

Sasa sikiliza. Namba haiandikwi kwenye jiwe, imegawanyika, na sharti la baba lilikuwa wazi. Lakini kuna kazi moja imebaki, nayo si yangu wala si yake. Mstari wa tano una msalaba wako pembeni, na wewe hujawahi kuugawa. Panda treni, na safari hii usiishie kwenye benchi. Meza nimeirudisha dirishani. Ubao wako nimeufuta, chaki ipo. Mimi nitakaa upande wangu. Kiti cha baba nimekiacha mahali pake, maana sauti bado inakuja, nayo kila siku inasimama kabla ya mwisho.

Tutaanza saa kumi kamili. Utashusha moja moja zote, kwa haki, hata ikichukua saa nzima. Ukifika sifuri, usiseme kitu. Nitafunga daftari, na tutaondoka sote kwenda kwa mama. Makaburini pako wazi mpaka saa kumi na mbili, tutamkuta.

Dada yako.